Ufa wa Kiangazi Ulioanzia kwenye Mvua: Kisa cha Kasha la Nje

Kasha lilikuwa na urefu wa milimita 1,400, upana wa 600 na kimo cha karibu 700 pamoja na miguu. Mteja alilitaka likae nje, mahali pasipo na paa, atunzie mito ya viti vya bustani, mpira wa kumwagilia na zana ndogo ndogo. Nilichagua mvule, mbao ambayo mchwa na uozo haviiwezi kirahisi. Niliikausha, nikaipiga randa, nikaiunga kwa gundi isiyoyeyuka majini. Siku ya kulikabidhi nilisimama mbele yake kwa furaha. Kifuniko kilikuwa kama ubao mmoja mpana, maungio yake hayapitishi hata wembe.

Miezi mitano baadaye, mvua zikiwa zimekolea, mteja alinipigia simu. "Fundi, kasha limeota mgongo."

Nilikwenda kulitazama. Kifuniko kilikuwa kimejikunja kwa upana wake kama gamba la kobe. Pande mbili za kasha, kushoto na kulia, palikuwa na upenyo wa milimita 8 katikati, na mvua ya upepo ilikuwa ikiingia humo kwa raha zake. Mito ilishaanza kuota ukungu. Nilimwambia mteja asubiri jua, kitarudi chenyewe.

Kilirudi, na hapo ndipo shida ilipoanza hasa. Kiangazi kilipokolea mgongo ulishuka, kifuniko kikalala sawa, kisha kwenye kichwa cha kifuniko upande wa kushoto ukatokea ufa. Ulianza mdogo kama unywele. Baada ya wiki chache ulikuwa na urefu wa milimita 340, na mdomo wake umefunguka milimita 4. Nikafanya kile ambacho nimewaona mafundi wengi wakifanya: nilichanganya vumbi la msumeno na gundi, nikaujaza ufa, nikapiga msasa na kupaka vanishi. Ukapendeza.

Mvua za pili, mgongo ulirudi mkubwa kuliko wa kwanza, na skrubu mbili za chini zikang'oka na kutoka na nyama ya mbao. Kiangazi cha pili, ufa mpya ulijitokeza sentimita 12 kutoka ule wa zamani, huku ule niliouziba ukiwa mzima kabisa. Ubavu mmoja wa kasha nao ulikuwa na ufa wa kulala. Nikalibeba kasha lote hadi karakana, nikalifungua kipande kwa kipande.

Washukiwa watatu

Kila aliyelitazama alikuwa na jibu lake, na majibu yalikuwa matatu. Nayataja kwa sababu ndiyo majibu yanayotolewa kila mara kazi ya nje inapoharibika, na kila moja likifuatwa hukupeleka kwenye kosa jingine.

La kwanza: gundi ilikuwa mbaya. Hili lilikuwa rahisi kupima. Gundi ikishindwa, ungio hufunguka kwenye mstari wake na nyuso mbili hutoka laini, zikiwa na utando wa gundi. Nyufa zote mbili za kifuniko hazikuwa kwenye maungio. Zilikuwa pembeni yake, ndani ya mwili wa mbao, na kingo zake zimechanika nyuzi kwa nyuzi. Gundi ilishika kuliko mbao yenyewe.

La pili: mbao ilikuwa mbichi. Hili liliniuma, maana nilikuwa nimeipima. Kwenye daftari langu niliandika unyevu wa asilimia 9 siku ya kuunga, yaani maji yenye uzito wa sehemu 9 kwa kila sehemu 100 za mbao kavu kabisa, tena nimeugusa kipima unyevu sehemu kadhaa za kila ubao. Mbao ilikuwa kavu. Nitarudi kwenye neno hilo, kwa sababu ukavu wake ulikuwa sehemu ya tatizo, kinyume kabisa na walivyodhani.

La tatu: skrubu hazikutosha. Chini ya kifuniko niliweka mataruma matatu, yaani vipande vya mbao vinavyokatiza upana wa kifuniko ili kukishika kisipinde. Kila taruma lilipakwa gundi mwanzo hadi mwisho na kupigwa skrubu sita. Ukiongeza skrubu hapo unazidi kuikaba mbao, na kukabwa ndiko kulikoipasua. Lakini hilo sikuliona mpaka nilipotazama zile sehemu za kasha ambazo hazikuharibika.

Sehemu zilizopona

Kasha hili lilijichunguza lenyewe. Gogo moja, karakana moja, mvua ile ile, jua lile lile, na bado sehemu nyingine zilipasuka na nyingine zikabaki kama siku ya kwanza.

Kifuniko: mbao tano za milimita 120 zilizounganishwa kwa gundi kupata 600, zikabanwa na mataruma yaliyogundishwa. Zimepasuka.

Mbavu mbili: mbao za kulala zilizounganishwa kwa gundi hadi kimo cha milimita 520, kisha zikagundishwa na kupigwa skrubu kwenye miguu inayosimama. Mmoja umepasuka, mwingine umeifungua miguu.

Sehemu ya mbele ilikuwa hadithi nyingine. Mteja aliomba urembo wa paneli tatu ndani ya fremu, nami nikaitengeneza kama nilivyofundishwa kutengeneza milango ya kabati: paneli inaingia kwenye mfuo wa fremu, yaani mtaro mwembamba uliochongwa kwenye ukingo wake wa ndani, bila gundi, imeachwa ielee. Haikuwa na ufa hata mmoja. Ukitazama kingo za paneli kiangazi uliona ukanda mwembamba wa mbao isiyopakwa rangi, ambao wakati wa mvua ulikuwa umejificha ndani ya mfuo. Mbao ilikuwa imetoka na kuingia bila kumwomba mtu ruhusa.

Upande wa nyuma wa kasha, mbao za ulimi na mfuo zisizo na gundi, mzima. Sakafu, vipande vyembamba vilivyoachiana nafasi ili hewa ipite, mzima.

Kila kilichopona kilikuwa na pa kwenda. Kila kilichopasuka kilikuwa kimeshikwa kwa nguvu zangu zote.

Milimita sita

Ubao haukui wala haupungui sawasawa pande zote. Kwa urefu wa nyuzi hausogei kwa kiasi cha kukusumbua: kutoka ubichi hadi ukavu kamili, mbao ya kawaida hupungua karibu asilimia 0.1 tu kwa urefu. Kwa kifuniko changu cha milimita 1,400 mabadiliko ya msimu yalikuwa chini ya nusu milimita. Kwa upana ni habari nyingine. Na hata upana una sura mbili. Ubao uliopasuliwa kutoka ubavuni mwa gogo, ambao pete zake za umri zimelala sambamba na uso, hujongea zaidi. Ule uliopasuliwa kuelekea moyo wa gogo, pete zikiwa zimesimama, hujongea kidogo, mara nyingi karibu nusu ya ule wa kwanza.

Vitabu vya mbao hutoa takwimu za usinyaaji kutoka pale ambapo kuta za chembe za mbao zimeshiba maji, karibu asilimia 30 ya unyevu, hadi ukavu wa tanuri. Kwa mvule ni asilimia 3.8 upande wa pete zilizolala na 2.8 upande wa pete zilizosimama. Mkangazi ni 4.5 na 2.5. Mtiki, ambao watu huusifu kwa kazi za nje, ni 5.8 na 2.5, ubora wake haumwondolei fundi wajibu wa kuuachia nafasi. Ukigawanya takwimu hiyo kwa 30 unapata makadirio mazuri ya asilimia ambayo ubao unajongea kwa kila asilimia moja ya unyevu inayopanda au kushuka.

Basi nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga kabla ya kukata ubao wa kwanza. Mvule, pete zilizolala: 3.8 gawanya kwa 30 ni 0.127. Unyevu wa mbao siku ya kuunga ulikuwa asilimia 9. Katikati ya mvua nilipima 17. Tofauti ni 8. Upana ni milimita 600. Asilimia 0.127 mara 8 mara 600: jibu ni milimita 6.1.

Milimita sita kwa kifuniko kimoja. Kwa mbavu zenye kimo cha 520, zaidi kidogo ya tano. Taruma lililoshika kifuniko, kwa kuwa nyuzi zake zinakatiza zile za kifuniko, lilirefuka kiasi kisichoonekana kwa jicho. Huyu anataka kwenda milimita sita, yule hataki kwenda popote, na katikati yao nimeweka gundi bora kuliko zote niliyoweza kuipata.

Hesabu hiyo inaeleza mgongo wa kobe pia. Uso wa chini ulikuwa umeshikwa na mataruma, uso wa juu ulikuwa huru kuvimba. Kitu kinachovimba juu na kukataliwa chini lazima kijikunje. Vanishi nayo ilichangia. Juu nilipaka mikono mitatu, chini sikupaka hata mmoja, kwa hiyo nyuso mbili zilinywa na kutoa unyevu kwa mwendo tofauti. Vanishi huchelewesha unyevu, haiuzuii, na ikishapata mpasuko mdogo kwenye ungio, maji huingia chini yake na kukaa kwa muda mrefu kuliko ambavyo yangekaa kwenye mbao tupu. Vichwa vya mbao, pale nyuzi zilipokatwa, ndivyo vinavyonywa haraka kuliko sehemu nyingine yoyote na kukauka haraka vilevile. Ufa wa kwanza ulianzia hapo hapo.

Kwa nini upasuke kiangazi na si wakati wa mvua

Hili ndilo jambo ambalo naona halizungumzwi vya kutosha, hata miongoni mwa mafundi wenye miaka mingi kazini. Mtu huona ufa kiangazi, hulaumu jua. Jua liliufungua tu.

Chukua jembe ambalo mpini wake umelegea. Ukilitumbukiza majini usiku kucha, asubuhi mpini umekaza. Ukilitumia siku mbili tatu likakauka, mpini unalegea kuliko ulivyokuwa mwanzo. Kila mkulima amewahi kuliona hili. Mbao iliyovimba ndani ya tundu la chuma haikuwa na pa kwenda, kwa hiyo chembe zake zilijibonyeza zenyewe. Chembe iliyobonyea hairudi kuwa mviringo. Mbao ikikauka inasinyaa kutoka kwenye ule umbo uliobonyea, na kuishia nyembamba kuliko ilivyoanza.

Kifuniko changu kilikuwa mpini, na mataruma yalikuwa chuma. Wakati wa mvua, karibu na kila taruma, mbao ilivimba ikakataliwa, ikajibonyeza. Kiangazi ilitaka kuwa na upana chini ya 600 iliyoanza nayo, lakini mataruma yaliyogundishwa yaliishikilia pale pale kwenye 600. Sasa ilikuwa inavutwa badala ya kusukumwa, na mbao huvumilia kusukumwa kwa upana wake kuliko kuvutwa. Ikachanika. Ufa ulionekana kiangazi, lakini msimu wa mvua ndio uliouandaa.

Tazama basi nilichofanya nilipouziba. Ufa wa kiangazi ulikuwa ndiyo nafasi pekee ambayo kifuniko kilijitafutia. Nikaijaza kwa kitu kigumu. Mvua ziliporudi mbao ilivimba tena na kukuta hata ule mwanya umefungwa, ikajibonyeza zaidi, ikajikunja zaidi, ikang'oa skrubu, na kiangazi ikachanika mahali papya. Ufa wa mbao ya nje iliyokabwa, ukiuziba kiangazi kabla ya kuondoa kilichoikaba, unaagiza ufa wa pili. Nasema hivi kwa uzito wote kwa sababu naona kazi hii ikifanywa kila siku kwa nia njema.

Kulijenga upya

Kabla ya kugusa kifuniko niling'oa mataruma yote na kuziacha mbao kivulini wiki tatu. Wakati huo nilikata kipande cha shahidi: nilichukua ubao wa mvule uliobaki, wenye upana wa milimita 200, nikakata kipande chembamba kwa kukatiza nyuzi, nikaandika upana wake kwa penseli na kukitundika nje mahali pasipofikiwa na mvua ya moja kwa moja. Kipande chembamba namna hiyo hufuata hewa haraka. Kati ya kiangazi na mvua kilisogea milimita 2, ambayo ndiyo hesabu ile ile ya asilimia 8. Fundi asiye na kipima unyevu anaweza kujifunza hali ya hewa ya mahali pake kwa kipande kama hicho na rula nzuri.

Hewa na mbao zina mapatano yao. Kwenye joto la kawaida, hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 30 huipeleka mbao kwenye unyevu wa karibu 6. Hewa ya asilimia 65 huipeleka karibu 12. Ya 80, karibu 16. Ya 90, karibu 20. Mbao haiko kavu au mbichi tu. Iko mahali fulani kwenye safari kati ya kituo chake cha kiangazi na kituo chake cha mvua, na fundi anapaswa kujua iko wapi siku anapoiunga.

Hapo ndipo narudi kwenye ukavu. Niliunga kifuniko kikiwa asilimia 9, yaani kwenye kituo cha mwisho cha kiangazi. Safari yote ya milimita sita ilikuwa ya kuvimba tu. Ningekuwa naacha mianya kati ya mbao, siku hiyo ningetakiwa kuiacha mipana kabisa. Mwenzangu anayeunga mbao katikati ya mvua, zikiwa asilimia 17, anatakiwa kuzibana karibu kabisa, kwa sababu mianya itajifungua yenyewe. Kanuni ya kuacha "milimita tatu kila mahali" haina maana mpaka uulize mbao ina unyevu gani leo. Safari hii nilisubiri ifike 13, katikati ya safari, ili iwe na milimita tatu za kwenda na tatu za kurudi.

Kifuniko nilikiwazia kwa njia tatu. Mbao zilizoachiana nafasi ni salama kwa mbao lakini mvua inapita, na humo ndani kuna mito. Paneli ndani ya fremu, kama ile ya mbele, inafaa ubavuni lakini ikilazwa juani na mvuani mfuo wake unakuwa bakuli la maji. Sipendekezi kwa kifuniko chochote cha nje. Nikabaki na njia ya tatu: mbao tano ziunganishwe kwa gundi kuwa ubao mmoja kama mwanzo, lakini mataruma yashike bila kukaba.

Nilipasua kifuniko pale penye nyufa, nikaondoa mbao iliyochanika, nikaongeza ukanda mmoja kufidia upana, nikaunga upya. Mbao mbili nilizigeuza ili zenye pete zilizosimama zikae pembeni. Mataruma hayakupata tone la gundi. Kila moja lilitobolewa matundu manne, na hapa ndipo nilipotumia muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi, kwa sababu lazima uamue mbao isogee kuelekea wapi.

Watu wengi hufunga skrubu ya katikati na kuiacha mbao isogee sawa pande zote mbili. Kwa meza ni sahihi. Kwa kifuniko chenye bawaba nyuma, ukingo wa nyuma ukisogea unasukumana na ukuta wa kasha, na bawaba zinaanza kulia. Nikafunga upande wa nyuma. Tundu la kwanza la kila taruma, karibu na bawaba, ni la mviringo na linaikamata skrubu barabara. Tundu la pili nililirefusha kidogo, la tatu zaidi, na la mwisho, lililo milimita 540 kutoka la kwanza, lina urefu wa milimita 14 kwa skrubu yenye unene wa 5. Yote yamerefushwa kufuata upana wa kifuniko, mwelekeo ambao mbao inavimba. Kila skrubu ina washa pana, yaani kipete bapa cha chuma, chini ya kichwa ili isizame, na imekazwa hadi inagusa, kisha imerudishwa robo mzunguko.

Kwa mpango huo mwendo wote unaishia mbele, ambako kifuniko kimechomoza milimita 25 kupita ukuta wa kasha. Kikichomoza 28 au 22 hakuna atakayejua isipokuwa mwenye rula. Chini ya ukingo huo nilichonga mfereji mwembamba ili tone la mvua lidondoke badala ya kutambaa kuingia ndani.

Mbavu nilizijenga upya kama sehemu ya mbele, fremu na paneli. Mtu anaweza kuuliza kwa nini fremu yenyewe haipasuki, ilhali nayo ni mbao inayokutana na mbao kwa kukatiza nyuzi. Jibu liko kwenye upana. Kipande cha fremu chenye milimita 80 kinajongea 0.8 tu kwa msimu, na ungio zuri la ulimi na tundu linastahimili hilo. Mwendo unafuata upana. Upana mkubwa ukiugawa katika vipande vidogo vinavyoshikwa kila kimoja peke yake, shida inagawanyika nayo. Paneli zinaingia milimita 9 kwenye mfuo wa 12, zikiwa zimeshikwa kwa kijiti kimoja katikati juu na kimoja katikati chini ili zisihamie upande mmoja. Hakuna gundi. Zilipakwa rangi zote pande zote, pamoja na kingo, kabla ya kuingizwa ndani ya fremu. Ukipaka baada ya kuunga, rangi inagundisha paneli kwenye fremu na kazi yako yote ya mfuo inapotea.

Fremu ya chini ilinipa wasiwasi, maana mfuo unaotazama juu utakusanya maji hata ukiwa wima. Nilitoboa matundu ya milimita 6 chini yake kila baada ya sentimita 12, na uso wake wa juu nikauinamisha kwa nje.

Mengine yalikuwa mafupi. Skrubu na bawaba za chuma kisichoshika kutu. Mafuta ya mbao badala ya vanishi, yamepakwa sawa juu na chini, ndani na nje. Vichwa vya mbao vilikunywa mafuta mara nne hadi vikakataa. Vipande vya mpira chini ya miguu ili isisimame kwenye maji.

Baada ya misimu minne

Kifuniko kimepita mvua mbili na viangazi viwili tangu siku hiyo. Siku ya kukabidhi ukingo wa mbele ulichomoza milimita 25 kamili. Mvua zilipokolea nilipima 28. Kiangazi, 22 na nusu. Milimita tano na nusu za mwendo, karibu kabisa na hesabu, na hakuna ufa. Uso umejikunja kidogo sana, chini ya milimita moja na nusu, na unarudi. Mito haijaota ukungu.

Jambo moja lilikwenda vibaya. Kiangazi cha kwanza mteja aliinua kifuniko, akatikisa skrubu moja ya taruma la kulia, akaiona inacheza. Kwa wema wake akachukua bisibisi na kuzikaza zote nne za taruma hilo hadi washa zikazama kwenye mbao. Mvua zilipoanza kifuniko kikajivuta upande: kushoto kinasogea mbele, kulia kimekataa. Aliniita mapema, kabla ya kupasuka, nikalegeza. Palibaki alama nne za washa na mstari mwembamba kama unywele karibu na skrubu ya mwisho, ambao nimeuacha kama ulivyo, bila kuujaza kitu.

Kosa lilikuwa langu kwa kutomwambia. Mtu anayeona skrubu imelegea ana haki ya kuikaza. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa sote. Basi nilipindua kifuniko, nikachora kwa penseli ngumu mistari miwili karibu na skrubu ya mbele ya kila taruma, mmoja wa mvua na mmoja wa kiangazi, na katikati yake nikaandika: "Skrubu hii husogea. Usiikaze." Mara ya mwisho nilipokwenda, mteja mwenyewe alikuwa ameongeza mistari yake pembeni, na mwezi umeandikwa kwenye kila mmoja.